Barua Kwenye Ubao wa Kituo cha Maziwa

Kituo cha Maziwa
2 Februari

Mpwa wangu Nukta,

Tu wazima. Asiye mzima ni goti la mama yako peke yake, nalo likipata jua la asubuhi linajikongoja.

Nimeona nikuandikie. Simu unaijua: mimi napayuka, wewe unaitikia "eeh, eeh", salio linakatika, na tukiachana hakuna aliyeelewa la mwenzake. Barua hii nampa dereva wa gari letu la maziwa, ambaye kila wiki anashusha mzigo huko bandarini kwenu. Tunamwita Breki kwa sababu hajawahi kuwa na haraka, basi usihesabu siku.

Mama yako amekaa mlangoni pa chumba changu cha vipimo, mguu kaunyoosha juu ya keni ya maziwa iliyopinduliwa, ananisimamia kana kwamba naandika wosia wake. Ng'ombe wake mwenye pembe moja amezaa jike. Ameniambia nikwambie hilo kabla ya jambo lingine lolote. Haya, nimekwambia.

Mimi bado niko mapokezini, mwaka wa thelathini na moja huu. Watu wanapanga foleni na keni zao, nafungua kifuniko, nanusa, nachovya kipimo, namwaga kwenye ndoo ya mizani. Na kila Jumatano, vilevile ulivyoniacha, natia tindikali kwenye vile vichupa vyenye shingo ndefu, navizungusha kwenye mashine, kisha naandika daftarini mafuta ya maziwa ya kila mwanachama. Juzi katibu mpya wa ushirika kaniuliza, "Mzee, sisi tunalipa kwa lita. Haya mafuta unamwandikia nani?" Nikamjibu, "Namwandikia atakayeuliza." Akacheka. Wanacheka wote, wala hawakuanza leo. Wewe peke yako hukucheka. Ulikuwa na miaka tisa ulipochungulia daftari ukasema, "Mjomba, hapa umesahau nukta. Ng'ombe huyu nusu yake itakuwa mafuta." Jina likakuganda hapo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu mwaka uanze bei ya lita imeshuka mara mbili, na kwa jumla robo yake imekwenda. Mvua ni chache, majani yamekauka, keni zinakuja nusu. Kitu kikiadimika hupanda bei, hata muuza nyanya anajua. Kwa nini chetu kinaadimika na kushuka? Wanachama wanasema mwenyekiti anakula. Mwenyekiti namjua. Ni mvivu, lakini mwizi si yeye, maana wizi nao unataka kuamka mapema.

Wewe unafanya kazi ya hizo bei. Nieleze kwa maneno ninayoweza kuyasema mbele ya mizani.

Mjomba wako

*

Bandarini
27 Februari

Shikamoo Mjomba, na Mama shikamoo yako iko hapo pia.

Hongera kwa ndama. Mwambie Mama nimeambiwa kwanza, kama alivyoagiza.

Mimi sijambo. Bado napanga kile chumba cha juu ya duka la matairi. Nikifungua dirisha naona makontena yamepangwa rangirangi, nikilifunga nanusa mpira. Kazini niko ghorofa ya pili, dawati la dirishani, na mwezi uliopita wameniongezea mtu wa kumfundisha. Chai nakunywa na maziwa ya unga. Hilo usimwambie Mama.

Swali lako nimelifurahia. Hapa hakuna anayeniuliza kwa nini; wananiuliza ngapi.

Ni hivi. Kwenye biashara kubwa maziwa hayauzwi yakiwa maziwa, kwa sababu maji ni mzigo wa bure melini. Yanagawanywa. Mafuta yanatolewa yanakuwa siagi, na kilichobaki kinakaushwa kinakuwa unga. Kila wiki mbili kuna mnada, na wanunuzi wa dunia nzima wanashindania magunia wasiyoyaona. Mwaka juzi wanunuzi wakubwa waliogopa upungufu, wakajaza maghala. Sasa maghala hayana pa kukanyaga na wao wamekunja mikono. Nchi zenye majani mabichi mwaka mzima haziwezi kuwaambia ng'ombe wapumzike, kwa hiyo unga unaendelea kutoka na bei inaporomoka. Meli inauleta hapa. Kiwanda kinautia maji, kinapata lita ya maziwa kwa bei ndogo kuliko yako. Mvua yenu haihusiki tena, Mjomba. Ng'ombe wa Mama anashindana na gunia. Mwenyekiti hajala kitu.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo ninalolipenda. Zamani unga na siagi vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Sasa vimeachana. Unga unashuka, siagi inapanda, mwaka mzima sasa, mnada hadi mnada. Watu wanataka mafuta ya maziwa kuliko yanavyopatikana. Nikichora kwenye karatasi mistari inafunguka kama mkasi.

Haya yote yanatangazwa waziwazi, si siri ya mtu. Wasomee wanachama ukitaka.

Ila usije ukaibandika barua ubaoni kama ulivyobandika ripoti yangu ya darasa la sita. Kituo kizima kilijua nimefeli kuimba. Nililia siku mbili, nawe ukaniahidi hutabandika tena kitu changu. Ahadi hiyo haijaisha muda.

Mwanao,
Nukta

*

Kituo cha Maziwa
21 Machi

Nukta mwanangu,

Salamu zimefika, na barua pia, ikinuka dizeli. Breki aliisahau chini ya kiti siku sita. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limepata mafuta ya kuchulia, na sasa nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Ndama anachezacheza.

Barua yako imefanya kazi. Mwenyekiti amerudi kutembea kifua mbele. Mzee mmoja kwenye foleni alisema, "Yaani tunashindana na gunia!" na sasa ndiyo salamu ya kituo. Mtu akileta maziwa mazito wenzake wanamwambia, "Leo umelipiga gunia." Wameniuliza nani ameandika maneno haya. Nikasema, damu yangu. Sikusema kwa sauti ndogo.

Sasa kuna jipya. Wiki iliyopita amekuja bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi, kiatu chake hakijawahi kukanyaga samadi. Ametoka kwenye kampuni yenye alama ya ndoo ya buluu. Wanataka kununua maziwa yetu yote kwa miaka mitatu, bei moja ya lita isiyobadilika, ileile tuliyokuwa tukilipwa kabla haijashuka. Lita ni lita, hakuna kupima kingine. Watu wamefurahi mpaka wakapiga makofi. Mkutano wa kupiga kura ni Jumamosi ya mwisho ya Juni.

Breki anasema ndoo ya buluu ndiyo iliyochorwa kwenye lango anakokuletea barua. Basi ni kwenu. Nilijivuna niliposikia, nikadhani labda wewe ndiwe uliyetukumbuka.

Lakini jambo moja linanikera. Siku tatu kabla yake, kijana wao alikuja akachukua sampuli kwenye gari la Breki, akaijaza kwenye vichupa vyenye shingo ndefu. Vile vyangu hasa. Mtu asiyetaka kupima kitu vichupa vya nini?

Nikuulize wewe unayekaa kwenye hizo bei: tutie saini au tusitie? Neno moja linanitosha. Mkataba ukipita, chumba cha vipimo kinafungwa na mimi naenda nyumbani, lakini hilo usilipime. Pima ng'ombe wa watu mia na ishirini.

Mama yako anasema unywe chai yenye maziwa ya kweli. Sijui nani amemwambia.

Mjomba wako

*

Bandarini
12 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru kusikia mko salama. Huku joto limezidi. Nimenunua pazia la dirishani, la kijani, na fundi amelikata fupi, kwa hiyo linaziba jua la juu na kuacha la chini. Mwenye duka la matairi amepata mjukuu, ametugawia soda wapangaji wote. Nimejifunza kupika maharage bila kuyaunguza.

Kazini nimehamishwa. Niko chini sasa, chumba cha nyuma ya mapokezi, nagonga mihuri kwenye hati za mizigo. Ni kazi nyepesi. Hakuna simu inayolia, na lifti ikiharibika hainihusu. Yule niliyekuwa namfundisha ndiye yuko dirishani, na anajitahidi.

Kuhusu ulilouliza, sina la kusema.

Nakuomba kitu kimoja. Barua zangu zisome mwenyewe, uzitunze kwenye sanduku lako. Ni ombi tu.

Nambie habari za ndama. Ana rangi gani?

Mwanao,
Nukta

*

Kituo cha Maziwa
30 Aprili

Nukta,

Tu wazima.

Ndama ni mwekundu.

Pazia nimelisikia, maharage nimeyasikia, mjukuu wa muuza matairi nimempongeza. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu, nikapata pazia tena. "Sina la kusema!" Wewe uliyekuwa unasimama juu ya keni ili ufikie daftari, unaniuliza kwa nini ng'ombe wa fulani ameshuka alama mbili tangu Jumatano iliyopita? Leo watu mia na ishirini wanakwenda kuuza mbuzi wakiwa ndani ya gunia wao wenyewe, na huna la kusema?

Au ndiyo kukua? Ukishakaa chini ya kivuli cha ndoo ya buluu, sisi tunakuwa mzigo wa kugongewa muhuri? Niambie basi kama mkate unaoula unakuzuia, nitaelewa. Lakini usinipe pazia.

Nilipomsomea mama yako haya, aliondoka mlangoni.

Mjomba wako

*

Kituo cha Maziwa
25 Mei

Mwanangu,

Siku ishirini na tano bila neno lako. Safari hii sianzi na goti la mtu. Naanza na mimi.

Breki amerudi Jumanne. Nilimsukuma anieleze ulivyo, kwa sababu barua yangu ya mwisho aliifikisha mkononi mwako, akasema uliisoma umesimama kisha ukaendelea kugonga mihuri. Halafu akasema, "Mzee, unajua kwa nini yuko kule chini?" Nikasema amehamishwa. Akasema mlinzi wa lango amemsimulia: yule bwana mwenye mkoba alirudi kutoka kwetu na karatasi yenye mwandiko wako, akaipeleka moja kwa moja mezani kwa meneja wako, akasema kuna mtu wao anawafundisha wakulima.

Nukta, niliibandika.

Uliniambia nisibandike, ukanikumbusha ripoti na kile kilio cha siku mbili, nami nikaisoma sentensi hiyo nikicheka, nikachukua pini nne. Niliiweka katikati, juu ya matokeo ya vipimo, pale macho yanapofikia kwanza. Ukitaka kujua ni kwa nini, sina sababu ya maana. Nilitaka kila anayeshusha keni aone kwamba mtoto niliyemfundisha kusoma shingo ya kichupa sasa anasoma dunia. Nilijivuna, basi. Nilivimba kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Iliondoka ubaoni siku ileile bwana yule alipokuja. Nilibaki naziona pini. Nilijisemea kuna mwanachama ameichukua akaisome nyumbani. Ulipoandika kwamba barua zako nizisome mwenyewe, nilijua. Moyoni nilijua, na badala ya kusema nikakutukania pazia lako. Mtu mzima mwenye hatia ana sauti kubwa sana.

Nimemweleza mama yako. Hakunigombeza, na ningeona nafuu angenigombeza. Alisema tu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye. Mwandikie ajue tuko."

Mimi ni mkubwa wako, na sijawahi kumwomba radhi mtu niliyemwogesha. Leo nakuomba. Nisamehe, mwanangu.

Na lile swali nimeliondoa. Usilijibu. Mkutano utakuja, watu watatia saini, tutaishi. Afadhali tuingie kwenye mkataba tukiwa vipofu kuliko wewe ukose kazi kwa ajili ya macho yetu.

Mjomba wako, mbandikaji

*

Bandarini
12 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama naye shikamoo. Nilijua kwamba mpo. Hata hivyo ni vizuri kuandikiwa.

Sasa nakusimulia, kwa mpango wake.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi. Meneja aliniita, barua yangu iko mezani kwake, na kwenye pembe zake matundu manne. Alikuwa ananitazama kwa ukali, na mimi, Mjomba, kitu cha kwanza kilichonitoka ni kicheko. Niliyajua matundu yale. Ripoti yangu ya darasa la sita inayo mpaka leo. Akauliza kinachonichekesha. Nikasema, mjomba wangu.

Hakuweza kusema nimetoa siri, kwa kuwa kila nilichoandika kilikuwa kimeshatangazwa. Akataka jambo jingine. Akataka niandike barua ya pili kwenu, kwa mwandiko uleule, niseme nilikosea, na kwamba bei ya siagi haiwahusu wakulima wadogo. Akanipa na kalamu. Ilikuwa kalamu nzuri. Nikairudisha. Kesho yake nikahamia kwenye mihuri.

Sikukueleza kwa sababu ulikuwa umeniuliza tutie saini au tusitie, na nilikuwa bado nakula mshahara wao. Sikuweza kukujibu kwa uaminifu, na sikuweza kukudanganya. Kilichobaki kilikuwa pazia. Barua yako ya Aprili iliniuma. Naomba nikwambie hivyo tu, tusiirudie.

Lakini ya Mei nimeisoma nimekaa chini. Nimeitafakari wiki nzima. Ijumaa nimeandika barua ya kuacha kazi, mstari mmoja na nusu, na Jumatatu nimerudisha kitambulisho. Kuna watu wa vipimo vya ubora hapa bandarini wameniahidi kazi kuanzia Septemba, kwa hiyo Mama asianze kunitafutia mume wala mtaji. Nimeacha mezani majedwali yote ya kampuni. Sikubeba hata karatasi. Ninayokuandikia sasa yanatoka sehemu mbili tu: bei za mnada ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na chumba chako cha vipimo.

Sasa jibu, Mjomba. Msitie saini.

Sio kwa sababu bei ya lita ni mbaya. Ni nzuri, ndiyo maana inatisha. Wanauza maziwa ya unga yaliyoshuka bei. Kwa nini wawalipe ninyi bei ya zamani kwa miaka mitatu? Wewe mwenyewe uliona, ulipouliza vichupa ni vya nini. Hawanunui lita. Ukiondoa mafuta, lita yenu wangeipata kwenye gunia. Siagi ndiyo iliyopanda, na haionekani kama itashuka hivi karibuni, ingawa hakuna anayejua kesho, na anayesema anajua mfungie mlango.

Je, maziwa yenu yana mafuta kiasi gani? Hapo ndipo nilipocheka mara ya pili, peke yangu chumbani. Dunia nzima kuna mtu mmoja tu anayeweza kulijibu hilo swali kwa ajili ya wanachama wale, ng'ombe kwa ng'ombe, mvua na kiangazi, mwaka kwa mwaka. Thelathini na moja, Mjomba. Umemwandikia atakayeuliza, na sasa ameuliza. Nakumbuka likizo niliyokunakilia majumlisho: ilikuwa nne nukta saba kwa mia, na miaka mibaya nne nukta nne. Mzigo wa kawaida wa maziwa mabichi unaoingia hapa bandarini ukifika tatu na nusu watu wanapongezana. Anayewalipa ninyi kwa lita anapewa tofauti hiyo bure.

Waambieni mtauza, lakini kwa mafuta. Kila alama ya mafuta ilipwe kwa kufuata bei ya siagi ya mnada, na chini yake pawe na bei ambayo haitashuka hata mnada ukianguka. Na vipimo vifanyike kwenu, kwenye chumba chako, mbele ya mwenye ng'ombe. Wakikataa, wataondoka. Inawezekana kabisa wataondoka, na mtabaki na bei ya sasa. Sitaki mtu akae kwenye kura bila kulijua hilo.

Walimu wetu walikuwa wakisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu daftari lilikuwepo. Mali ndiyo ilikuwa haijulikani. Nimekaa ghorofa ya pili miaka mitano nikidhani nimejifunza kazi hii hapa. Niliijifunza nimesimama juu ya keni. Najivunia hilo kuliko dawati lolote.

Nimeandika kurasa hizi kwa herufi kubwa makusudi, na chini nimeweka jina langu lote, la baba na la babu, si Nukta peke yake.

Hii ibandike. Pini nne, katikati, pale macho yanapofikia kwanza.

Mwanao

*

Kituo cha Maziwa
1 Julai

Mwanangu Nukta,

Mama yako hajambo, na goti limepona ghafla kwa sababu nitakazokueleza. Ndama ameanza kula majani.

Breki alileta barua yako kwa siku mbili tu. Siku mbili! Alisema amekimbia kwa sababu bahasha ilikuwa nene. Nilipomaliza kuisoma nilifunga mlango wa chumba cha vipimo nikalia kidogo, halafu nikanawa uso, nikatafuta pini.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bwana mwenye mkoba alikuwepo mbele, na karatasi za saini tayari. Nikaingia na madaftari yote kwenye mkokoteni. Katibu akasema tuyaweke mezani. Nikasema hapana, mizani kwanza. Kilo kumi na tisa na nusu. Watu wakacheka, nami nikawaacha wacheke, kicheko chao nimekizoea. Kisha nikamwita mwanachama mmoja mmoja, nikamfungulia ukurasa wake. Huyu, miaka kumi na minne, hajawahi kushuka nne nukta tano. Huyu hapa, mama yake ndiye aliyeanza, tazama ng'ombe wa mama yake. Kufika wa ishirini hakukuwa na kicheko tena. Mzee mmoja alishika ukurasa wake kama anashika picha ya marehemu.

Bwana yule akasema vipimo vya kijijini haviaminiki. Basi katibu, yuleyule aliyeniuliza namwandikia nani, akasimama akamwambia, "Bwana, kijana wenu alichukua sampuli kwenye gari letu mwezi wa tatu. Tutajie mlichopata, tulinganishe na daftari." Bwana akafunga mkoba, akasema atawasiliana na ofisi.

Nikawasomea na ule mstari wako kwamba wanaweza kuondoka wasirudi. Sikuuruka. Tisa wakaogopa, nami siwalaumu. Mia na kumi na moja walikataa mkataba wa lita. Mama yako alinyoosha mikono yote miwili akiwa amesimama, akaambiwa ashushe mmoja, ndipo tukagundua goti limepona.

Jana wamepiga simu. Hawajasema ndiyo. Wameuliza kama wanaweza kuazima madaftari waje kuyanakili. Nimewaambia yanasomwa hapahapa, kwa miadi, siku ya Jumatano, na mikono ioshwe kwanza. Wamesema watakuja. Wakija na bei ya mafuta, tutazungumza. Wasipokuja, foleni yangu iko palepale alfajiri na gunia tutalipiga kama kawaida.

Barua yako iko ubaoni, katikati. Nimeondoa matokeo ya wiki mbili ili ipate nafasi. Jina lako lote linaonekana tangu kwenye mizani, na watu wananiuliza babu yako alikuwa nani, kama vile hawakumzika wao.

Kuna tatizo moja. Kila anayeshusha keni anaisoma kwa kidole, na mikono yao unaijua. Karatasi imelowa mafuta. Kupitia ukurasa wa pili unaona ubao ulio nyuma yake, na ile sehemu ya nne nukta saba haisomeki kabisa. Kila siku ananijia mtu anasema, "Mzee, hapa palikuwa pameandikwaje?" Nami nimeshakataa kuandika juu ya mwandiko wako.

Septemba iko mbali. Breki anaondoka bandarini Alhamisi, amekuwekea kiti cha mbele. Njoo na kalamu yako uiandike upya.

Mjomba wako